Bei Chee na Mazingira: Punguzo Limetoka Wapi?

Foleni ya keshia katika supamaketi moja ya hapa Moshi ilikwama kwa sababu ya mfuko. Mama mmoja aliyejifunga kitenge alikuwa ameshalipia unga, sabuni ya mche na lita tatu za mafuta ya kula. Keshia akamwuliza, "Mama, una mfuko au nikuwekee wa kununua?" Mama akasimama. "Nimepanda daladala kufuata punguzo, halafu punguzo lenyewe mnalirudisha kwenye mfuko?" Kijana akajitetea kwamba ni kwa ajili ya mazingira. "Mazingira gani hayo mwanangu, yanayolipiwa kaunta?"

Foleni ikageuka bunge. Kaka mmoja akasema duka la bei chee halina habari na mazingira, hayo ni mambo ya maduka ya watalii kule Arusha. Dada mwenye mtoto mgongoni akaja na lake: ukiona duka limeanza kuimba mazingira, jua wiki ijayo bei inapanda. Mimi nilinyamaza. Lakini swali la yule mama limenikaa kichwani tangu siku ile, maana lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa.

Tuanze na maneno yenyewe. Supamaketi ya punguzo si duka lenye ofa ya mwisho wa mwezi. Ni duka lililojengwa tangu msingi liuze kwa bei ya chini kila siku, kwa kubana gharama za kuliendesha. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Aldi ya Ujerumani. Ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, walichukua duka la mama yao mjini Essen mwaka 1946, nchi ikiwa magofu ya vita na watu mifuko mitupu. Hawakuwa na uwezo wa kujaza rafu, wakauza vitu vichache tu, bila mapambo. Walipoona wateja hawalalamiki, uchache ule ukawa ndiyo biashara. Jina Aldi, kifupi cha Albrecht Diskont, lilianza kutumika mwaka 1962. Mpinzani wao mkubwa, Lidl, alifungua duka lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1973.

Neno la pili ni "uendelevu", neno la semina ambalo wengi tukilisikia tunaanza kutafuta chai. Uchagani lina picha yake ya siku zote: kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga. Babu anakula ndizi zake, anauza kahawa, ng'ombe anakula majani ya migomba, samadi inarudi shambani, na siku anamwachia mwanawe, kihamba bado kinalisha. Angekata miti yote akauza mbao, mwaka ule angekuwa tajiri na mwanawe angerithi vumbi. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo huo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hapa mlimani, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Kwa hiyo si kitu cha kuletewa na ndege.

Picha nyingine nitaihitaji hadi mwisho, nayo ni mfongo. Maji yanashuka mlimani kwa mfereji unaopita shamba kwa shamba, kila mtu na zamu yake. Aliye juu akifungulia maji usiku kucha nje ya zamu yake, mchicha wake utastawi na ataweza kuuuza kwa bei ya kutupa. Ukimwuliza atakwambia yeye ni hodari wa kilimo. Lakini gharama ya mchicha ule ipo, imelipwa na jirani wa chini ambaye maharage yake yamekauka, na haionekani kwenye fungu la sokoni.

Basi kuna punguzo la kuacha kupoteza, na kuna punguzo la kumsukumia mwingine bili. Kwenye risiti yanafanana kabisa. La kwanza huwa linasaidia mazingira hata kama mwenye duka hana habari nayo. La pili ndilo linalochafua, hata likifungwa kwenye karatasi ya kijani.

Lile la kwanza tunaliona kwa mama ntilie kila mchana. Mama ntilie mwenye sufuria tatu, wali, maharage na ugali wa samaki, saa tisa alasiri sufuria zake zinaoshwa. Hoteli yenye menyu ya kurasa nane lazima iwe na kamba, kondoo, uyoga na maziwa ya krimu kwenye friji muda wote, akija mteja au asije. Vingine vitaozea humo. Bei ya sahani yako pale hotelini imebeba pia vile vilivyooza. Mama ntilie ni nafuu kwa sababu hamwagi.

Aldi ni mama ntilie aliyekua akawa jitu. Duka lake la kawaida huwa na bidhaa kati ya 1,500 na 2,000 hivi, wakati supamaketi kubwa za Ulaya na Marekani hufika 30,000 na zaidi. Bidhaa zikiwa chache, kila moja inatoka haraka, stoo inakuwa ndogo, jengo linakuwa dogo, taa na friji zinapungua. Maboksi hayafunguliwi na kupangwa kopo kwa kopo. Yanachanwa upande mmoja na kusukumwa rafuni, kama Mangi wa Mbuyuni anavyochana katoni ya tambi kwa kisu. Toroli unaliachia sarafu, ukilirudisha unachukua chako, hivyo hakuna mtu anayelipwa kuzunguka kukusanya matoroli.

Sehemu kubwa ya bidhaa hizo ni chapa ya duka lenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapoingiwa na wasiwasi: cha bei nafuu si feki? Hapana. Feki ni kitu kinachodanganya kimetengenezwa na nani. Chapa ya duka inasema wazi ni ya duka. Mara nyingi imetoka kwenye kiwanda kinachotengeneza pia chapa zenye jina, ila haijalipiwa mabango na matangazo ya redio. Kama ina alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na uzito wake ni wa kweli, kilichopungua ni kelele.

Turudi kwenye kumwaga, maana hapa ndipo fedha na mazingira vinapokaa sufuria moja. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 19 ya chakula kilichokuwa kimewafikia wauzaji, migahawa na walaji. Nyanya inayotupwa haijapotea peke yake. Imepotea na maji yaliyoimwagilia, mbolea, dizeli ya lori na siku za mtu shambani, na ikifika dampo kama la Muriet pale Arusha inaoza chini ya takataka nyingine na kutoa methani, gesi inayolipasha joto anga mara nyingi zaidi kuliko kabonidayoksaidi. Duka linalopunguza kutupa linapunguza bei na moshi kwa mkono mmoja.

Na hapa, niseme kwa fahari kidogo, soko letu linazijua mbinu ambazo supamaketi za ng'ambo zimezivumbua juzi. Nenda soko la Kilombero, Arusha, saa kumi na mbili jioni. Sado ya nyanya iliyokuwa na bei yake asubuhi sasa inajadiliwa, fungu linaongezewa nyanya mbili za juu, na zilizobonyea zinatengwa kwa ajili ya mama wa rojo. Bei inashuka kadiri jua linavyoshuka. Supamaketi yenye bei ya stika haijui kufanya hivyo: nyanya inakaa kwa bei ya Jumatatu hadi Ijumaa, kisha inakwenda pipani. Ndiyo maana Ulaya ilibidi wajifunze upya. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayokataza supamaketi zenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula ambacho hakijauzwa na bado kinalika. Mwaka huohuo jijini Copenhagen likafunguliwa duka la WeFood, linalouza kwa bei ya chini vyakula ambavyo maduka mengine yangevitupa: boksi limebonyea, lebo imechapwa vibaya, tarehe imekaribia.

Tarehe nayo ina mkanganyiko wake. Kwenye vifungashio kuna maneno ya aina mbili. Moja linahusu usalama: baada ya siku hii usile, na hilo kwa nyama, samaki na maziwa halina mjadala. Lingine linahusu ubora: kabla ya siku hii biskuti itakuwa na ladha na mlio wake wote. Sisi tunayachanganya yote tunasema "imeekspaya". Duka linaloshusha bei wiki mbili kabla ya tarehe halikuuzii sumu, limefanya hesabu mapema. Linalobandua stika na kubandika tarehe mpya linavunja sheria, na dawa yake ni kulishtaki kwa TBS. Punguzo la hivyo ni mfongo: bili imesukumiwa tumbo lako.

Ila tusilitupie duka lawama zote. Ripoti ileile inasema asilimia 60 ya chakula kinachotupwa hutupwa majumbani. Maduka ni asilimia 12. Ofa ya "nunua mbili upate ya tatu bure" inaweza kuwa njia ya duka kuhamishia uozo wake jikoni kwako, kisha likajisifu kwamba halitupi. Familia ya watu watatu haina kazi na mikate mitatu. Punguzo la kweli kwa kitu kinachooza ni kushusha bei ya kimoja.

Friji ni sura nyingine, na inasahaulika kwa sababu gesi haionekani. Supamaketi nyingi huweka maziwa na yogati kwenye kabati la baridi lililo wazi, bila mlango, ili mkono wa mteja usipate kizuizi. Ungeacha mlango wa friji yako wazi mchana kutwa, Luku ingekuamsha usiku. Kuweka milango ya kioo kunapunguza umeme wa kabati hizo kwa kiasi kikubwa, na umeme usiochomwa hauingii kwenye bei ya yogati. Zaidi ya hapo kuna gesi ya ubaridi inayovuja. Ile inayoitwa R-404A, ambayo imetumika sana kwenye majokofu ya biashara, kilo moja ikivuja inalipasha joto anga sawa na karibu kilo 3,900 za kabonidayoksaidi. Kwa hesabu yetu ya barabarani: gari dogo linalotembea kilomita 10 kwa lita lingesafiri kati ya Moshi na Arusha zaidi ya mara 200 ndipo litoe moshi wa kiasi hicho. Kwa hiyo duka ambalo kila miezi mitatu linamwita fundi "ajaze gesi" bila kuziba tundu, linalipa fundi, linalipa umeme wa mashine iliyochoka na linachafua, yote kwa pamoja. Paneli za sola juu ya paa ni jambo jema, lakini ningeanza na tundu.

Kisha usafiri. Wengi tunaamini kwamba kitu cha jirani siku zote ni safi zaidi kwa mazingira kuliko cha mbali. Mara nyingi, lakini si siku zote. Katika moshi wote unaotokana na chakula duniani, yaani gesi zinazolipasha joto anga, usafiri ni sehemu ndogo, chini ya asilimia 10. Sehemu kubwa iko shambani na zizini. Kilo ya maharage iliyosafiri kwa meli bado inaweza kuwa nyepesi kwa anga kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe wa kijiji cha pili. Kinachouma ni ndege, na ni lori linalorudi tupu.

Kwa duka la bei nafuu la kwetu, swali la usafiri lina pembe yake. Mnyororo wenye ghala moja tu Dar es Salaam unaweza kujikuta unachukua vitunguu vya Mang'ola, unavipeleka Pwani, unavipanga, unavirudisha Arusha kwenye friji. Kwa unga wa ngano au sabuni, ghala moja kubwa lina maana, na ikiwezekana kwa treni, kwani reli ya kaskazini imefufuka na behewa linabeba tani nyingi kwa mafuta machache. Kwa mboga, ndizi na mayai, mantiki ni kununua hapahapa. Sukari ya TPC inalimwa na kusindikwa Arusha Chini, kusini mwa Moshi, na kiwanda kinachoma makapi ya miwa yake kupata umeme. Mchele wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kule Chekereni, uko nyuma ya nyumba. Supamaketi ya Moshi ikiuza mchele wa mbali kwa bei kubwa kuliko wa Chekereni, hiyo si dunia kuwa ngumu, ni manunuzi mabovu.

Tumeshaona minyororo mikubwa ikija na kuondoka. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi, mnyororo wa Kenya, ikafunga maduka yake ya hapa nchini mwaka 2015. Nakumatt nayo, ambayo watu wa Moshi tuliizoea, ikaanguka miaka michache baadaye. Sababu zilikuwa nyingi na sitajifanya mhasibu wao, lakini zilipoanguka, miongoni mwa walioachwa wakidai walikuwa wasambazaji. Hapo ndipo penye kidonda cha biashara hii ya punguzo popote duniani, Ulaya ikiwamo. Duka likishakuwa kubwa, njia rahisi kuliko zote ya kushusha bei ni kumbana anayekuuzia: lete karoti kwa bei hii, tutakulipa baada ya siku 90, na zilizopinda rudi nazo. Mkulima aliyebanwa hivyo hapandi miti kwenye kingo za mto. Analima mpaka majini, anapulizia dawa mara mbili ili karoti zinyooke, anauza ng'ombe aliyekuwa anampa samadi. Bei imeshuka na kihamba kimekufa, na stika ya kijani bado iko pale pale kwenye mfuko wa karoti.

Ndiyo maana mimi sianzi kuuliza kama duka lina mifuko ya karatasi. Nauliza kama linanunua karoti zilizopinda.

Mfuko wenyewe, sasa, maana ndio uliosimamisha foleni. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, rambo kwa jina la nyumbani, imepigwa marufuku nchini, na mitaro ya mji imeshukuru. Ule tuliopewa badala yake tunauita mfuko mbadala, na kwa kuwa unashikika kama kitambaa watu hudhani ni pamba. Si pamba. Ni polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na kiroba cha salfeti. Ubora wake ni kwamba unadumu. Ukitumia mara moja ukatupa, umetupa plastiki nzito kuliko rambo. Hata pamba yenyewe si malaika: utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotoka mwaka 2011 ulikuta mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yawe madogo kuliko ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko bora ni ule uliokwisha kuwa nao. Kapu la bibi, hata kama limetoka mpini.

Kwa hiyo keshia alipaswa kumjibu hivi yule mama: "Mama, zamani mfuko haukuwa wa bure. Ulikuwa umefichwa kwenye bei ya unga, na wewe uliyekuja na kapu ulikuwa unamlipia mwenzako aliyekuja mikono mitupu. Sasa tumeutoa nje." Hilo ni jibu la haki, kwa sharti moja tu: bei ya unga iwe imeshuka kweli. Kama unga umebaki palepale na mfuko umeongezwa juu, mama yuko sahihi na duka limemchukulia mara mbili.

Kuna umaskini mwingine wa vifungashio usiosemwa. Asiye na hela hanunui kilo, ananunua kipakiti cha mia mbili: sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya nywele. Kwa gramu analipa zaidi kuliko tajiri, na anaacha karatasi za nailoni nyingi zaidi, ambazo hakuna mwokota chupa anayeziokota kwa kuwa haziuziki. Mangi wa mtaani alilitatua hilo zamani kwa kupima: leta chupa yako, nikuwekee mafuta ya kula robo. Supamaketi ya punguzo ingeweza kufanya hivyohivyo kwa mapipa yenye bomba, mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na usafi unaoonekana. Tahadhari ipo: mafuta yanayokaa kwenye dumu jeupe juani hupoteza vitamini A, kwa hiyo pipa liwe la giza na lifunikwe. Lakini sijaona kwa nini bidhaa nafuu zaidi dukani isiwe ile isiyo na kifungashio.

Na wala hatuhitaji kufundishwa kurudisha vyombo. Chupa ya soda ya glasi imezunguka Kilimanjaro miaka na miaka kati ya kiwanda, kreti na duka, inaoshwa, inajazwa, inarudi na michirizi yake nyeupe mabegani. Inarudi kwa sababu ina thamani ukiirudisha. Ujerumani walipoweka amana ya senti 25 za yuro kwenye chupa na makopo ya kutumika mara moja, kuanzia mwaka 2003, walikuwa wanajenga kwa sheria kile ambacho muuza soda wa Himo anakilinda kwa macho yake makali.

Trei ya mayai nayo ni hivyohivyo. Juzi nilikwenda kwa Mangi wa mtaani kwetu kuchukua mayai thelathini, kichwa kikiwa kimejaa makala hii. "Trei iko wapi?" akauliza. Nimeisahau nyumbani, kaka. Akaniangalia, akaangalia daftari lililokuwa limetokeza kwenye mfuko wangu, akaongeza bei ya trei juu ya mayai bila kupepesa.